Alizeti-mwitu kwenye bustani kavu: mwongozo kamili wa kuotesha Aspilia Nakuru na magharibi mwa Kenya

Malalamiko ni yaleyale kila mvua inapoanza. Mtu ameona vichaka vya maua ya manjano kando ya barabara ya Bahati au Njoro, amekipenda kimoja, ameking'oa kikiwa kimechanua, amekipanda karibu na mlango na kukitilia karai nzima ya samadi. Kabla mwezi haujaisha, kimekauka. Mwingine alichuma mbegu mapema, akazifukia kwa kina cha maharagwe, akangoja mpaka akakata tamaa. Wa tatu aliotesha vizuri, kisha anayemsaidia bustanini akapalilia miche yote akidhani ni magugu.

Mmea wenyewe si mgumu. Unaota mahali ambapo hakuna anayeumwagilia wala kuutilia mbolea. Unachohitaji ni kuanzishwa kwa mbegu iliyokomaa, kwenye udongo usio na mbolea nyingi, na kuachwa ujenge mizizi kabla ya kudaiwa maua. Mwongozo huu umeandikwa kwa mpangilio huo, na hatua zifuatwe kama zilivyo.

Tunazungumzia mimea miwili ya jamii ya alizeti, yote ya asili ya Afrika Mashariki: Aspilia mossambicensis, inayofikia kimo cha mtu na wakati mwingine kuegemea vichaka vingine, na Aspilia pluriseta, iliyo fupi zaidi na inayopenda nyika ya nyasi. Utunzaji wao ni mmoja. Kwa kiploti kidogo cha mjini chagua ile fupi ukiipata.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Bahasha au mifuko ya karatasi ya kaki ya kuwekea mbegu. Usitumie plastiki, kwani mbegu huvuta unyevu na kuota ukungu.
- Trei ya miche, au karai kuukuu lililotobolewa chini.
- Udongo wa juu wa kawaida, sehemu mbili, na mchanga wa mto au vipande vidogo vya yale mawe mepesi ya volkano, sehemu moja. Wakazi wa Nakuru, Gilgil na Naivasha hawatahangaika kuyapata mawe hayo.
- Paketi tupu za maziwa, zilizooshwa na kutobolewa chini, za kuhamishia miche.
- Beseni pana kuliko trei.
- Neti ya kivuli au gunia jepesi, na vijiti vinne vya kulitundikia.
- Makopo manne ya kuwekea miguu ya meza (sababu iko hatua ya 3).
- Mikasi mikali, jembe dogo, na vijiti vya kutia alama.
- Glavu na shati la mikono mirefu. Majani yana vinyweleo vigumu vinavyowasha ngozi.

Samadi, mbolea ya DAP na udongo mweusi wa msituni haviko kwenye orodha, na vimeachwa makusudi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Maua ya manjano yenye umbo la alizeti ni mengi kando ya barabara zetu, na mengi si ya asili ya hapa. Kosa la hatua hii hugharimu msimu mzima, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na jani, ua litafuata. Jani la Aspilia ni refu kiasi, limechongoka nchani, halina mapengo makubwa kama vidole, na limekaa likikabiliana na mwenzake pande mbili za shina. Ligeuze utaona mishipa mitatu mikubwa ikianzia karibu na kikonyo na kupanda kuelekea nchani. Kisha lipapase kuanzia nchani kurudi chini: linakwaruza kama msasa. Ukali huu una historia yake. Sokwe wa Gombe na Mahale, nchini Tanzania, wameonekana wakiyameza majani ya Aspilia mazimamazima bila kuyatafuna, na watafiti wanaeleza kwamba vinyweleo hivyo husaidia kutoa minyoo tumboni.

Ua lenyewe ni dogo, kipenyo chake sentimita chache tu. Petali za pembeni ni za manjano, na kitovu nacho ni cha manjano.

Sasa linganisha na yanayofanana nayo:

Tithonia, ile ndefu iliyojaa kwenye uzio wa mashamba kuanzia Kisumu hadi Busia, ina maua makubwa kuliko kiganja cha mtoto na majani yaliyokatika mapengo matatu au matano. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wakulima wa magharibi huikata na kuifukia kama mbolea ya majani, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini huenea kwa nguvu na kufunika mimea ya asili, kwa hiyo hatuipandi hapa.

Wedelia ya kutambaa, inayopandwa mbele ya hoteli na vituo vya mafuta, ina majani yanayong'aa na shina linalolala chini na kutia mizizi kila kifundo. Hii pia ni mgeni kutoka Amerika, tena mgeni msumbufu.

Kichoma nguo ni rahisi kukitambua kwa mbegu zake nyembamba zinazong'ang'ania suruali. Mbegu za Aspilia hazing'ang'anii hivyo.

Ukiwa bado na shaka, piga picha ya jani pande zote mbili, ua, na mahali majani yanapokutana na shina, umwonyeshe mtu wa mimea kabla hujachuma chochote. Picha ya ua peke yake haimsaidii mtu kukujibu.

## Hatua ya 2: Chuma mbegu zilizoiva

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Yale ya pembeni, yenye petali ndefu, hayazai mbegu. Kazi yao ni kuita wadudu. Mbegu hutoka kwenye vile viua vidogo vya katikati. Kwa hiyo mtu anayechuma petali zilizokauka akidhani ana mbegu, ana takataka tu mfukoni.

Subiri petali zianguke zote na kichwa kigeuke kahawia. Kikonyo chini yake nacho kinapaswa kuanza kukauka. Kisugue kichwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mbegu zikimwagika bila kulazimishwa, zimeiva. Zikishikilia, rudi baada ya siku kadhaa. Ukichelewa sana utakuta kichwa kitupu, maana upepo na ndege hawakungoji, kwa hiyo pita mara kwa mara.

Kipindi kizuri ni baada ya mvua za masika, kuanzia Juni hadi Agosti, na tena Januari na Februari baada ya vuli. Chuma mchana, umande ukiwa umekauka.

Chuma kwenye mimea mingi, kidogo kidogo kwa kila mmoja. Mbegu za mmea mmoja zote ni ndugu, na bustani ya ndugu watupu huwa dhaifu. Mimea iliyokaribu na kwako ni bora kuliko ya mbali: mbegu ya Gilgil imezoea ukavu na baridi ya usiku ya Gilgil. Nakuru mjini iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu mita 1,130. Hali hizo hazifanani hata kidogo, kwa hiyo usimtumie jamaa yako wa Kisumu mbegu za Nakuru ukitarajia zifanye maajabu Nyanza.

Onyo. Usichume ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru wala kwenye msitu wowote wa serikali bila idhini. Kwenye shamba la mtu, omba. Kando ya barabara ya kijijini au mpakani mwa shamba lako ndiko mahali pafaapo. Na using'oe mmea wenyewe. Chini ya shina lake kuna kisiki kigumu cha mizizi kilichozama, na jembe likikikata, sehemu ya juu haina maji ya kutosha kulisha majani na maua iliyobeba. Hicho ndicho kilichoua vile vichaka vya kando ya barabara vilivyopandwa mlangoni.

Nyumbani, tandaza mbegu kwenye gazeti kivulini kwa siku kadhaa, kisha zipepete polepole kuondoa makapi. Sasa zipime. Chukua chache, uziweke juu ya kigae, ubonyeze kila moja kwa ukucha. Iliyojaa ni ngumu, na ukiipasua ndani kuna kiini cheupe chenye mafuta kidogo. Tupu husinyaa na kuwa bapa mara moja. Usishtuke ukikuta tupu nyingi, ni kawaida kwa mimea ya jamii hii. Kama zaidi ya nusu ya ulizopima ni tupu, panda mara mbili ya ulivyokusudia.

Ziache kwenye bahasha wiki chache mahali pakavu kabla ya kupanda. Andika juu ya bahasha mahali ulipochuma na mwezi.

## Hatua ya 3: Panda kwenye trei

Lenga miche iwe tayari mvua inapoanza. Kwa Nakuru hiyo ni kupanda mbegu mwishoni mwa Januari au Februari ili uhamishe Aprili, au Agosti ili uhamishe Oktoba. Juni na Julai usiku wa Nakuru ni wa baridi na mbegu huzubaa. Watu wa Kisumu hawana tatizo hilo.

Jaza trei mchanganyiko wa udongo na mchanga. Usawazishe na kuushindilia kidogo kwa ubao. Weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, uache udongo unyonye kutoka chini mpaka uso wake ubadilike rangi. Kisha itoe ichuruze.

Nyunyiza mbegu juu, uzibonyeze kwa kiganja zigusane na udongo, halafu pepeta mchanga mwembamba juu yake, kiasi cha kuzificha tu. Milimita 2 au 3 zatosha. Mbegu hizi ni ndogo, chakula kilicho ndani yake ni kidogo, na chipukizi likizikwa chini sana huishiwa nguvu kabla ya kuona jua.

Weka trei juu ya meza, na kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji. Sisimizi hubeba mbegu usiku kucha, na watu wengi wanaosema mbegu zao hazikuota waliibiwa siku ya kwanza.

Tundika neti au gunia juu ya trei, kimo cha mkono, ili mwanga upite. Usilaze nyasi juu ya udongo: huleta giza na unyevu mwingi.

Maji yaendelee kutoka chini, kwenye beseni, kila uso wa udongo unapoanza kupauka. Kumwagilia kwa kopo kutoka juu huzifukua mbegu na kuzirundika kona moja.

Dalili njema. Vichipukizi huanza kuonekana ndani ya wiki mbili hadi nne, si vyote kwa pamoja. Majani mawili ya kwanza ni laini na ya mviringo, hayana ukali wowote, na hapo watu huogopa kwamba wameotesha kitu kingine. Ngoja jozi ya pili na ya tatu. Zikitoka zikikabiliana na zikikwaruza kidole, ndizo.

Dalili mbaya. Mche unalala chini, na shingo yake imelegea na kuwa ya kahawia pale inapogusa udongo. Huo ni ukungu wa kitaluni, na chanzo chake ni maji mengi na hewa kidogo. Ng'oa walioanguka pamoja na udongo uliowazunguka, inua neti juu zaidi, acha uso wa udongo ukauke. Usiwatilie maji waliobaki kwa kuwahurumia.

## Hatua ya 4: Hamishia kwenye paketi

Mche ukiwa na jozi mbili za majani makali, uhamishe. Ushike kwa jani, kamwe si kwa shina, maana jani likichanika jingine litaota na shina likivunjika umeupoteza. Tumia udongo uleule, bila samadi. Paketi ya maziwa ina kina cha kutosha mzizi mkuu ushuke bila kujikunja.

Wiki ya kwanza kivulini, kisha ongeza jua la asubuhi, kisha jua la siku nzima. Punguza maji kadiri jua linavyoongezeka.

Mche ukifika urefu wa shibiri, kata ncha yake juu kidogo ya jozi ya majani. Kwa kuwa majani hukaa mawili mawili, kila jozi ina macho mawili ya kuchipuka, na kata moja huleta matawi mawili. Mche usiokatwa hupanda mmoja kwa mmoja, kisha huanguka kwa upepo wa kwanza wenye nguvu.

## Hatua ya 5: Andaa mahali

Jua la saa sita au zaidi kwa siku. Hilo halina mjadala. Chini ya mparachichi au kwenye kivuli cha ukuta utapata majani na maua ya kuhesabu.

Udongo mwepesi wa volkano wa Nakuru unapitisha maji haraka na mmea huu unaupenda. Lima kina cha jembe moja, ondoa mizizi yote ya sangari (thangari), na uishie hapo.

Uwanda wa Kano na sehemu kubwa za Kisumu ni habari nyingine. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka kiangazi na kushika maji wiki nzima masika. Huko inua tuta la kimo cha sentimita 30, uchanganye changarawe au kokoto ndogo kwenye tuta, na upande juu. Kakamega na Vihiga mvua ni nyingi. Mmea utastawi, ila utarefuka kupita kiasi, kwa hiyo utatumia mikasi mara nyingi zaidi.

Panda kwa kundi, mimea mitano hadi saba pamoja, usiitawanye mmoja mmoja kuzunguka kiploti. Nyuki akitoka mzingani huwa anafuata aina moja ya ua kwa safari nzima. Kundi linamlipa, ua moja la mbali halimlipi. Acha sentimita 60 kati ya mimea ya Aspilia mossambicensis, na 45 kwa ile fupi.

Fikiria pia kilicho jirani. Matunda ya karakara huchavushwa hasa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyanya hufaidika na nyuki wanaotikisa ua kwa mtetemo wa misuli ya kifua, kazi ambayo nyuki wa asali hawaiwezi. Nao nyuki wote hao huhitaji chakula hata wakati karakara na nyanya hazijachanua. Kundi la Aspilia karibu na bustani ya mboga lina faida unayoweza kuila.

Onyo. Usiipande katikati ya mistari ya mahindi au maharagwe. Hujipanda yenyewe, na shambani inageuka magugu. Kaa nayo kwenye ukingo, kando ya uzio, au mahali ambapo kisu cha kukatia nyasi kitaizuia isienee.

## Hatua ya 6: Hamisha miche shambani

Subiri mvua ya kweli. Manyunyu mawili ya Machi hayatoshi. Chimba shimo kwa mkono, na kama udongo una unyevu kufikia kina cha kiganja kizima, anza.

Fanya kazi hii jioni au siku ya mawingu. Mwagilia miche saa moja kabla. Pasua paketi kwa wembe upande mmoja badala ya kuuvuta mche, maana mpira wa udongo ukivunjika mizizi midogo ya kunyonya maji huvunjika nayo.

Shimo liwe na kina sawa na cha paketi, lisizidi. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae usawa wa ardhi. Ikizikwa huoza wakati wa masika. Rudisha udongo uleule uliouchimba, ukandamize kwa ncha za vidole, mwagilia kopo moja la polepole.

Usitie samadi shimoni. Usitie DAP. Ninajua mkono unawasha kufanya hivyo, kwa sababu kila kitu kingine tunachopanda hapa tunakianza kwa mbolea. Lakini mmea huu ukikuta chakula kingi juu juu, hauna sababu ya kutuma mizizi chini. Hutoa majani mengi, mashina laini na maua machache, na Januari jua linapokaza haujui pa kupata maji.

Kwa majuma mawili mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu kama mvua haijanyesha. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki, maji mengi kwa mpigo mmoja yazame. Kipimo ni kidole: kikiingia hadi kiungo cha pili na ukahisi unyevu, acha. Ukiona majani mapya yanatoka na kukua, mmea umeshika, na kumwagilia kwa ratiba kunaisha.

Majani kulegea saa nane mchana si dalili ya kiu. Angalia asubuhi. Yakiwa yamesimama, mmea uko salama. Yakiwa bado yamelegea kabla jua halijawaka, mpe maji.

Tandaza changarawe au mawe madogo kuzunguka mmea, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kutoka shinani. Na uache sehemu ya ardhi tupu pembeni, isiyofunikwa, isiyolimwa, ukubwa wa karai au zaidi. Nyuki wengi wa asili hawaishi mizingani. Huchimba vitundu ardhini, na ukiifunika bustani yote kwa matandazo umewapa chakula na kuwanyima nyumba.

Mwisho wa hatua hii, chomeka kijiti kando ya kila mche na umwonyeshe kila anayeshika jembe nyumbani kwako jani lenyewe. Mpe alipapase. Huu ni ulinzi mkubwa kuliko wa dawa yoyote. Kama mbuzi hupita, zungushia matawi ya miiba mpaka mashina yakomae.

## Hatua ya 7: Msimu wa kwanza na kiangazi chake

Maua ya mwanzo yanaweza kuwa machache. Usiongeze kitu. Chini ya ardhi kisiki cha mizizi kinajengwa, na hicho ndicho unachokitaka.

Palilia kwa mkono karibu na shina, kwa jembe mbali.

Vidukari wakijaa kwenye matumba, wapige kwa maji kutoka kwenye mpira, kisha ngoja. Wale nzi wenye mistari wanaoelea hewani na kufanana na nyuki hutaga mayai palepale, na mabuu wao hula vidukari. Ukinyunyiza dawa unaua walinzi pamoja na wezi. Kama unalazimika kunyunyizia nyanya za jirani, fanya jioni nyuki wakiwa wamerudi, siku isiyo na upepo, na dawa isiguse maua haya kabisa. Mtu anayepanda maua kwa ajili ya nyuki kisha akayapulizia sumu amewawekea mtego.

Kiangazi kikikaza, majani ya chini hukauka na mashina hugeuka kahawia. Hapo wengi hung'oa wakidhani mmea umekufa. Kwaruza gamba la shina kwa ukucha karibu na ardhi. Kukiwa na kijani chini ya gamba, uko hai. Hata mashina yote yakikauka, ngoja mvua: mmea huu huchipuka upya kutoka kwenye kisiki chake, na huko nyikani hufanya hivyo hata baada ya nyasi kuchomwa moto.

## Hatua ya 8: Kukata, na kurudisha maua

Kundi la kwanza la maua likizeeka, punguza theluthi moja ya urefu, ukikata juu ya jozi ya majani. Usikate mimea yote siku moja. Kata nusu, na nusu nyingine wiki mbili au tatu baadaye, ili wadudu wasikose chakula. Acha vichwa kadhaa viive kwa mbegu.

Wiki chache kabla ya masika, fyeka mashina makavu hadi kimo cha shibiri juu ya ardhi. Mashina yenye uwazi ndani usiyachome. Yafunge kitita uyatundike chini ya paa au mtini, kwa sababu kuna nyuki wadogo wanaotaga ndani ya mashina makavu.

Jinsi ya kujua umefanikiwa: simama karibu na kundi lako asubuhi ya jua, saa tatu hadi saa sita, msimu wa pili. Nyuki wa asali utawaona kwanza. Endelea kusimama. Watakuja nyuki wadogo weusi wasiouma, vipepeo wa rangi ya machungwa, wale nzi wa kuelea, na wengine usiowajua jina, wakitembea juu ya kitovu cha ua kwa mzunguko, kwa sababu viua vidogo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, duara moja baada ya jingine. Ukiona chavua ya manjano imegandamana kwenye miguu yao ya nyuma, bustani inafanya kazi.

Kama kuna maua mengi na hakuna wadudu kabisa, swali ni nani jirani ananyunyiza nini, na saa ngapi. Nenda ukaongee naye kwa upole. Kama kuna majani mengi na maua machache, ni kivuli au mbolea. Kama mashina yanalala chini baada ya kila mvua, ni mbolea au hukukata ncha.

## Ukikosa mbegu

Vipandikizi vya shina vinaweza kukutoa. Chagua tawi changa lisilo na ua wala tumba, kata kipande cha jozi tatu au nne za majani chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, kata nusu ya yale yaliyobaki ili maji yasipotee, na uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Chomeka vingi kuliko unavyohitaji, kwani si vyote vitakavyoshika. Usivivute kuangalia mizizi. Jani jipya nchani ndilo jibu.

Ubaya wake ni kwamba vipandikizi vya mmea mmoja ni mmea uleule uliorudiwa, na ugonjwa ukiingia unawakuta wote sawa. Kwa hiyo tumia njia hii kuanza, kisha changanya na mbegu za mahali pengine karibu nawe msimu unaofuata. Miche ikizidi nafasi uliyonayo, mpe jirani ikiwa bado kwenye paketi, na umwambie asiitie samadi.